Alberta 2019: watu waligeuka au kura zilijumlishwa tu?

Mwana_Langoni

Assalamu alaykum wadau. Nina swali na naomba wale munaofatilia siasa za nje munisaidie, manake jana usiku hapa Mkunguni karibu watu watoane macho. Kuna binamu yangu amekuja likizo kutoka Calgary huko Kanada, miaka yake si michache, sasa tumekaa baada ya Isha kahawa inazunguka, mtu akaanza kulalamikia petroli ya boti, si munajua Lamu bila petroli huendi popote labda uwe na punda, basi binamu akadakia. Akasema nyinyi muna subira sana, sisi Alberta mwaka 2019 tulichoka na kodi tukaing'oa serikali nzima kwa kura, tukaweka watu wa biashara, na tangu siku hio kila mtu huko ameelewa serikali haifai kujitia kwenye soko.

Kulikuwa na mzee mmoja pale, mvuvi mstaafu, redio haimtoki sikioni. Akasema wapi, watu hawakugeuka, vyama ndio viliungana. "Moya na moya ni mbili hata ukenda Ulaya." Binamu akakasirika, akasema Kanada si Ulaya. Kahawa ikapoa.

Sasa swali, nani mkweli? Watu wa Alberta walibadilika wakawa wa soko huria kweli ama ni hesabu za vyama tu? Na hio serikali ya biashara ilipoingia ilifanya nini hasa, manake binamu ukimfikisha hapo anaanza kuangalia simu. Sichokozi mtu, nauliza kwa dhati, kwasababu hata kwetu kila uchaguzi hatokosekani mtu wa kusema wachieni matajiri wajenge, na mimi mpaka leo sijui kama hio ni dawa au ni tangazo la dawa.

Msabaki

Waalaykum salaam. Huyo mzee wenu mununulieni kahawa, karibu ameimaliza kazi. Mimi niko Malindi na nina kacyber kangu hapa, mchana wateja hakuna nasoma siasa za watu, kwahivo ntakueleza nnavyojua.

Alberta ilitawaliwa na chama kimoja, Progressive Conservative, PC kwa kifupi, kuanzia 1971 mpaka 2015. Miaka 44 mfululizo, KANU yenyewe ingeona wivu. Ni jimbo la mafuta, ng'ombe na ngano, na ndio jimbo pekee Kanada ambalo halina kodi yake ya mauzo mpaka leo, pale dukani unalipa asilimia 5 ya serikali kuu basi. Kwahivo watu wa mrengo wa kulia, yani wahafidhina wa kodi ndogo na serikali isiyojitia sokoni, hawajaletwa na mtu 2019, walikuwepo tangu babu zao. Kilichotokea ni kwamba chama kilizeeka wakaanza kugombana ndani, wale walioona wenzao wamelegea wakatoka wakajiunga na chama chengine kinaitwa Wildrose, hilo ni jina la ua la huko. Uchaguzi wa Mei 2015 wakaenda vipande viwili. PC wakapata kama asilimia 28, Wildrose 24. Wale wa kushoto, NDP ya Rachel Notley, wakapata 40 na kidogo. Na kule ni kama kwetu, anaeongoza ndie anaebeba kiti hata kama hajafika nusu, NDP wakachukua viti 54 kati ya 87.

Hebu jumlisha 28 na 24. Ni 52. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura walitaka mtu wa kulia, asubuhi wakaamka na serikali ya kushoto.

Na sisi hili tunalijua vizuri sana tukiwacha kujisahaulisha. 1992 Moi alipita na asilimia 36 tu, upinzani ulikuwa na Matiba upande huu, Kibaki ule, Jaramogi kule. 1997 akapita tena na 40. 2002 walipoingia mwavuli mmoja wa NARC, Kibaki akapita na 62. Utaniambia Wakenya waligeuka mawazo kati ya 1997 na 2002? Wengine sawa, lkn wengi walikuwa wanasema neno lile lile, ila safari hio walilisema kwa mdomo mmoja.

Fundi wa kule Alberta alikuwa Jason Kenney. Huyu kabla ya hapo alikuwa waziri wa uhamiaji wa Kanada nzima kwenye serikali ya waziri mkuu Harper, nadhani ndugu zetu waliokuwa wakitafuta karatasi miaka ile wanalijua jina. Akarudi Alberta, akachukua pikapu ya buluu akazunguka nayo jimbo lote mpaka ikawa kama nembo yake. Julai 2017 wanachama wa vyama vyote viwili wakapiga kura ya kuungana, asilimia 95 kila upande wakasema ndio. Kikazaliwa United Conservative Party, UCP. Tarehe 16 Aprili 2019 wakapata viti 63, NDP 24. Kwa kura ni karibu 55 kwa 33.

Kwahivo 52 imekuwa 55. Huko ndiko kugeuka kwa binamu yako?

Ami_Baridi

Naandika kutoka Calgary, asili yangu Shela. Msabaki mwanangu hesabu zako nzuri lkn ni hesabu za mtu alie mbali. Mimi ni mmoja wa waliogeuka. 2015 nilipigia NDP na 2019 nikapigia UCP, na sikulazimishwa na mtu.

Nieleze kidogo. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzo wa 2016 likawa chini ya 30. Mimi nilikuwa na kampuni moja inayohudumia visima, jina tuliache, asubuhi unafika unakuta wenzako wamesimama na vikombe vya kahawa hakuna anaeongea, wanaitwa ofisini mmoja mmoja. Kulikuwa na mwenzangu Mfilipino tulikuwa tunakula pamoja mchana, yeye wali wake mimi wali wangu, alitoka na sanduku la karatasi ndani mna kikombe chake, viatu vya kazi na picha ya watoto, akaniangalia akanyanyua nyusi tu. Wiki ya pili zamu ikawa yangu.

Nikaenda kwenye teksi. Ukipita mjini kati usiku ndio unaona msiba wenyewe, maghorofa marefu ya vioo yale ya kampuni za mafuta, ghorofa mbili zina taa halafu kumi giza, halafu moja ina taa, nafikiri ni wasafishaji. Na Mei 2016 Fort McMurray, mji wa mafuta, ukashika moto wa msitu wakahamishwa watu zaidi ya elfu 80. Mwaka ulikuwa mchungu ule.

Sasa katika hali hio Notley Januari 2017 akaanzisha kodi ya kaboni, yani kodi ya mafuta unayochoma. Senti 4 na nusu kwa kila lita ya petroli, mwaka uliofuata karibu senti 7. Tusidhulumiane, sisi wa kipato kidogo tulikuwa tunarudishiwa cheki na mimi niliipokea na nikaila. Lkn cheki inakuja mara chache kwa mwaka na petroli dereva wa teksi anatia kila siku, anaona namba zinavyozunguka pale kwenye pampu. Hapo siasa imekwisha, huwezi kumshinda mtu anaekwambia ntaitoa hii.

Na nilikuwa najua, wallahi nilikuwa najua, bei ya pipa haipangwi Edmonton kwenye bunge la jimbo. Lkn mtu akipoteza kazi anatafuta uso wa kuulaumu na uso uliokuwa kwenye TV ni wa Notley.

Basi Kenney akaingia, mswada wake wa kwanza ndio huo wa kufuta kodi ya kaboni, mwisho wa Mei 2019 ikaondoka, tukafurahi kwenye pampu. Miezi saba. Tarehe 1 Januari 2020 serikali kuu ya Ottawa ikaweka ya kwake badala yake, kina Kenney wakaenda mahakamani, Machi 2021 mahakama ya juu ikasema Ottawa ina haki. Kwahivo ile kodi nlioipigia kura iondoke niliendelea kuilipa, ila ilibadilisha mwenyewe.

Kengine. NDP walipandisha mshahara wa chini kabisa mpaka dola 15 kwa saa, Oktoba 2018. UCP hawakuugusa kwa watu wazima, ila Juni 2019 wakaushusha kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, ukawa 13. Binti yangu wakati huo ana miaka 16 anafanya kazi jioni duka la kahawa. Alikuja na karatasi ya mshahara akaiweka mezani mbele yangu nikila akasema, baba, hii si ni kura yako? Chakula kilinishinda.

fundi_hesabu

Msabaki samahani lakini umelinganisha asilimia na asilimia, na ndio hapo watu huwa wanapotea. Angalia kura zenyewe, sio asilimia. 2015 PC na Wildrose ukiwaweka pamoja wana kama laki 7 na 74 elfu. 2019 UCP peke yake wana zaidi ya milioni 1 na 40 elfu. Hizo ni kura laki 2 na 60 elfu hivi zimeongezeka, kuungana peke yake hakuleti mtu ambae hakuwepo.

Utasema basi ni kina Ami Baridi walihama NDP. Sasa angalia NDP: 2015 zaidi ya laki 6, 2019 zaidi ya laki 6, wameongeza kidogo hata. Walioshindwa vibaya vile walipata kura nyingi kuliko walizopata wakishinda!! Kwahivo wako waliohama kama Ami lkn wako na walioingia mahali pao. Ule mzigo mkubwa wa kura mpya ni za watu ambao 2015 hawakwenda kupiga, wengine walikuwa hawajafikisha umri, wengine wamehamia, wengine walikaa nyumbani tu. Waliojitokeza 2019 walikuwa wengi kuliko 2015 kwa mbali.

Mzee wa Mkunguni ana nusu, binamu ana robo. Robo iliobaki imelala nyumbani 2015 na hakuna aliewauliza.

Msabaki

Haya nimekubali, hio ya kura zenyewe sikuiangalia. Lkn 1992 yangu muniachie.

Maalim_Mstaafu

Wanangu salaam. Nimewasoma wote. Muna bidii ila mumebaki kwenye nani kashinda, na mwenye swali aliuliza pia walifanya nini, manake hilo neno soko huria linatiwa kila mahali kama chumvi.

Kwanza mujue jimbo la Kanada si kaunti. Alberta inamiliki mafuta yalioko chini ya ardhi yake tangu 1930, mrabaha unaingia kwenye hazina ya jimbo, hospitali zao, shule zao, vyuo vyao. Sisi sheria ya petroli ya 2019 inasema kaunti asilimia 20 na jamii 5 katika fungu la serikali. Kwahivo kule mukibadilisha serikali ya jimbo mumebadilisha mwenye ufunguo wa ghala. Ndio joto la siasa yao likawa kubwa vile.

Sasa nije kwenye soko. Mwisho wa 2018 mafuta ya Alberta yalifika kuuzwa zaidi ya dola 40 chini ya mafuta ya Marekani kwa kila pipa. Sababu si ubaya wa mafuta peke yake. Alberta haina bahari. Mafuta yao ni mazito, mengi yanatolewa kwenye mchanga, yanataka bomba yamfikie mnunuzi na mabomba yalikuwa yamejaa. Hili mvuvi wa Lamu hafundishwi na profesa: umerudi na changu na tafi mtumbwi umejaa, barafu hakuna, jua linapanda, dalali amekaa kivulini anachokoa meno, anajua ikifika adhuhuri samaki wako hawana mwenyewe. Bei anasema yeye na wewe unashukuru.

Notley akafanya nini? Akaziamrisha kampuni zipunguze uchimbaji, mapipa 325,000 kwa siku, kuanzia Januari 2019, ili mafuta yawe machache na bei ipande. Serikali imeshika mkono wa soko mchana kweupe. Na huyu Kenney wa soko huria aliunga mkono, alipoingia yeye akaiendeleza mpaka Desemba 2020. Sikumbuki kuona bango la kampeni lililoandikwa hivyo.

Halafu kuna bomba la Keystone XL, la kupeleka mafuta Marekani. Machi 2020 serikali hio hio ikachukua dola bilioni 1.5 za wananchi ikanunua hisa za bomba, ikaongeza na dhamana ya mkopo ya bilioni 6. Tarehe 20 Januari 2021 Biden ameapishwa, siku hio hio akafuta kibali. Jimbo likala hasara kama bilioni 1.3. Mfanyabiashara wa Langoni akitia pesa yake kwenye jahazi ambalo kibali chake kinaamuliwa na mtu asiyemjua, tutasema amekosa akili, na ile hata haikuwa yake.

Nisiwaonee, mambo ya kihafidhina walioahidi mengine waliyafanya. Kodi ya makampuni ilikuwa asilimia 12 wakaishusha mpaka 8, walitaka kwenda polepole miaka minne, korona ilipoingia wakaharakisha ikafika 8 Julai 2020. Waliunda jopo la kuangalia matumizi na wakamweka mwenyekiti Janice MacKinnon, ambae zamani alikuwa waziri wa fedha wa NDP jirani Saskatchewan, hio ilikuwa akili. Ada za vyuo zilizokuwa zimefungwa na NDP wakazifungulia, zikaruhusiwa kupanda mpaka asilimia 7 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Februari 2020 wakavunja mkataba na madaktari, wiki chache kabla ya korona, wakati gani huo.

Lakini niwaonyeshe kitu. Mwaka wa fedha wa 2020 kwenda 2021 serikali hio ilikuwa na upungufu wa kama dola bilioni 17. Mwaka wa 2022 kwenda 2023 ikawa na ziada ya zaidi ya bilioni 11. Chama kile kile, kodi ile ile ya 8. Katikati hapo Aprili 2020 bei ya mafuta Marekani iliwahi kushuka chini ya sifuri, muuzaji anamlipa mnunuzi ayachukue, kisha 2022 vita vya Ukraine vikaipandisha juu. Sasa nani aliongoza Alberta, Kenney au pipa? Na pipa halina chama.

Kenney mwenyewe Mei 2022 wanachama wake wakampigia kura ya imani akapata asilimia 51.4, akajiuzulu. Akaja Danielle Smith, huyu zamani aliwahi kuongoza Wildrose, kwahivo muone mzunguko. 2023 wakashinda tena lkn viti 49 kwa 38 vya NDP. Vile 63 vilipungua.

BintKizingitini

Mbona hakuna aliegusa makaa ya mawe? Na munajiita watu wa Lamu!

Alberta walikuwa na sera ya makaa ya mawe tangu 1976, iliwekwa na wahafidhina wenyewe wakati Lougheed ndie kiongozi wa jimbo, inazuia kuchimba sehemu kubwa za milima ya Rockies kule vyanzo vya mito vilipo. Mei 2020 serikali ya Kenney ikaifuta, watu wako ndani kwa korona, na hawakuulizwa. Kampuni zikaanza kukimbilia. Waliokuja juu hawakuwa watu wa mazingira wa mjini peke yao, walikuwa wafugaji wa ng'ombe, wapiga kura wa UCP wa damu, wale wa pikapu na kofia, wakasema ng'ombe wetu wanakunywa huo mto. Februari 2021 serikali ikairudisha ile sera.

Nasema hivi kwasababu mimi nilikuwa mdogo bado lkn nakumbuka vikao vya hapa vya ule mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, wazee wamekaa upande mmoja, sisi nyuma ya akina mama, mtu anaonyesha picha za skrini za mtambo wa nchi nyengine unang'ara kama hoteli, na mama mmoja akauliza swali moja tu, hayo maji ya moto mutayarudisha baharini wapi? Yule jamaa akafungua faili akafunga. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavotakiwa. Wafugaji wa kule na wavuvi wa hapa hawajuani lkn ukiniuliza mimi wanaongea lugha moja. Mtu anaweza kuwa wa soko mpaka soko lifike kwenye maji yake.

Kwahivo ile ya kusema Alberta nzima iligeuka ikawa hivi au vile mimi naona si sawa. Mfugaji yule alipiga kura ya kodi, hakupiga kura ya mlima.

Msabaki

Bint hio ya mfugaji hakupiga kura ya mlima nimeichukua ntaitumia kwa baraza letu huku.

chapati_moto

Nimesoma yote mpaka mwisho na swali langu ni moja, mkate ulishuka bei au haukushuka

Ami_Baridi

Haukushuka. Na Maalim umenena, ila ukikaa huku uone vile watu wanavojivunia kwamba hakuna kodi ya mauzo ya jimbo utaelewa kwanini hakuna mwanasiasa anaethubutu kuigusa, si wa kulia si wa kushoto. Notley mwenyewe miaka minne hakuithubutu. Ukitaka kujua siasa ya mahali usiangalie wanachobishania, angalia kile wote wanachokiogopa.

Na bado 2023 nilipiga kura, sisemi kwa nani. Binti yangu sasa anapiga yake na hasemi pia, nyumba ina amani.

Mwana_Langoni

Wadau shukran sana, sikutegemea yote haya. Nirudi na habari kidogo kabla sijaufunga uzi.

Leo asubuhi tulimsindikiza binamu, ndege yake ya saa tano, sasa tuko kwenye gati tunangoja boti ya kutuvusha Manda uwanja wa ndege. Na yule mzee wa redio yuko pale pale anashona wavu, yani kama alikuwa anatungoja. Nikasema acha nijaribu, nikamsomea binamu zile hesabu za fundi, laki 7 na kitu, milioni 1 na kitu, NDP hawakupungua. Binamu akasikiliza mpaka mwisho, hakuangalia simu.

Nikamuuliza, haya wewe 2015 ulimpigia nani? Akanyamaza. Akasema 2015 sikupiga. Alikuwa kambini Fort McMurray, zamu za usiku wiki mbili mfululizo, siku ya kura aliingia kitandani saa moja asubuhi akasema ntaamka mchana niende, kuamka imeshakuwa jioni ya kuingia kazini tena, na kusema kweli hakuona haja, miaka 44 wanashinda wale wale mtu ataamkia nini. Kesho yake wakiwa kwenye basi la kambi redio inasema NDP, dereva akaongeza sauti, watu wakadhani ni mzaha.

2019 alichukua ruhusa kazini akaenda kupanga foleni.

Mzee hakuinua macho kwenye wavu. Akasema, "Basi weye hukugeuka. Uliamka."

Binamu alicheka mpaka akaweka begi chini. Lakini akasema bado kodi ilikuwa kubwa, na kwamba jambo la Keystone analijua sana hataki kuliongea asubuhi. Nahodha akaja akasema mafuta yamepanda, leo kichwa ni mia mbili na mizigo kivyake. Binamu akatoa noti ya elfu moja, akatulipia sote, na mzee akapewa chenji ya kahawa.